Marashi Kwenye Kanga ya Eda

Leo mgeni aliyekuja kunipa pole alinikumbatia, na shingo yake ilinukia waridi lililokauka na poda ya mtoto. Nakaa eda ya mume wangu. Nilifumba macho.

Mama alikuwa na marashi kama hayo. Alisema mwanzo huchoma pua, kisha hulainika yakawa poda, na mtu hujisikia kama ameoga upya. Baba alipofariki aliifungia chupa kabatini, maana mwanamke wa eda hajipaki manukato. Akawa ananuka moshi na sabuni tu. Nilimkosa mama yangu naye yupo pale pale. Siku moja ya ukungu, kwetu Lushoto, mimi ningali mtoto, niliichukua chupa nikainyunyizia kanga yake iliyoanikwa uani.

Alikuwa na mafua. Alijitanda bila kujua. Dada wa baba akafika na kapu la mapeasi. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa ananusa.

"Wifi, kaka yangu hata mwezi hajamaliza kaburini. Unamnukia nani?"

Mama aliivuta kanga puani. Akanitazama. Nikaushika mlango.

"Nimekosea, wifi," alisema. "Nisamehe."

Shangazi aliondoka na mapeasi yake. Mama aliifua kanga mara tatu kwa maji ya baridi, mimi nikamshikia ndoo. Sikumwambia shangazi kuwa ni mimi, siku ile wala baadaye.

Harufu ya mgeni imebaki kwenye kanga yangu. Wifi zangu wanakuja jioni. Sijaifua.