Nilivyobadilisha paipu ya dipstick kwa 504 ya marehemu Baba

Wakuu niaje. Hii ni yangu mwenyewe, si ya kuambiwa, na mikono bado inanuka oil.

Baba alituachia gari yake, 504 nyeupe. Dada yangu Wanjiru anaolewa karibuni, na alishasema kanisani atafika na hiyo gari ama aende kwa miguu.

Juzi nikiwa na Mama kwa hiyo gari, pale Jogoo Road, tukikaribia Makadara, moshi ukaanza kutoka kwa boneti. Mama alishuka kabla sijasimama vizuri. Akasema gari imezeeka, iende skrepa, Wanjiru atafutiwe nyingine. Akachukua boda akarudi nyumbani.

Nikafungua boneti. Kumbe ile paipu inayoshika dipstick, kile kijiti cha kupimia oil, imelegea pale inapoingia kwa injini, inacheza kama jino bovu. Oil inachuruzika hadi kwa exhaust yenye moto, ndio huo moshi.

Nikaifunga na waya, nikajikokota hadi nyumbani Buruburu.

Kesho yake nikapata paipu nzima kwa jamaa anayeuza spea za zamani Pumwani. Wenye 504 mnaelewa hizi spea zilivyo adimu. Nilitaka kumkumbatia.

Sasa kutoa ile mbovu. Nikavuta, ikakatika, kipande kikabaki ndani ya injini.

Wakuu, nilikaa chini.

Mama alikuwa anaanika nguo. Akaja, akainama, akauliza kama hicho kipande kitatoka. Nikamwambia ukweli, sijui. Akawasha tochi ya simu yake akanimulikia.

Nikapaka bolti nyembamba grisi ili uchafu unase hapo usianguke ndani. Nikaikaza polepole ndani ya kile kipande, nikavuta na plaisi.

Kikatoka chote!

Nikasafisha shimo, nikapaka silikoni kidogo ya kuziba, nikagonga paipu mpya taratibu na kipande cha mbao juu, nikaifunga na bolti yake. Tukaacha ikauke mpaka asubuhi.

Nikawasha. Hakuna moshi, hakuna tone. Nilicheza hapo parking majirani wakiniangalia.

Mama akatoka amevaa nguo ya kanisa, akaingia kwa gari.

"Nipeleke kwa Wanjiru," akasema. "Nataka kumwambia mwenyewe kuwa atapanda gari ya baba yake."

Nilichojifunza: ukiona moshi, tafuta unatoka wapi kabla ya kuzika gari. Na paipu yenye kutu usiivute kwa pupa kama mimi, inyunyizie dawa ya kutu kwanza ungoje.

Wenye magari ya zamani, paipu yenu ilikatikia wapi na mliitoaje? Shusheni hapa tusome.