Riksho ya Omari na Mchwa Niliowazua

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na lau si swali lako la juzi ningekwenda nayo kaburini. Ni siku aliyonijia sahibu yangu Omari, akakiamini kinywa changu, nami nikamdanganya.

Umeniuliza kuna faida gani kuviweka vyombo vya kale vya kusafiria, eti ili watalii waje kuvitazama. Ukasema ni upuuzi, njia zenyewe nyembamba, vitolewe vyote. Swali ni zuri. Lakini nilikuona ulivyobetua mdomo ulipomtaja yule kijana wa mtaa wa pili, mwenye kigari cha babu yake kinachozungukwa na wageni. Uso ule naujua. Niliuvaa mimi kabla ya wewe kuzaliwa, kabla hata ya babako.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya. Nilikuwa fundi wa nakshi hapa Kibokoni, mtaa wa kale wa Mombasa, katika karakana ya mwalimu wangu Fundi Shee, Mungu amrehemu. Nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu leo na mvi zote hizi. Nikichonga ua juu ya mbao, watu husimama. Basi nikadhani ulimwengu mzima una deni la kusimama mlangoni pangu.

Omari tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani, tukala bakora za mwalimu mmoja. Hakuwa na ufundi wowote. Alichokuwa nacho ni riksho ya babu yake: kigari cha magurudumu mawili na kiti cha watu wawili, huvutwa na mtu aliyeshika mikono yake miwili ya mbao. Zamani zilijaa Mombasa, motokaa zilipokuja zikatoweka moja moja. Hiyo ilisahauliwa chini ya ngazi ya nyumba yao. Omari akaitoa, akaisugua kwa mafuta ya nazi, akaing'arisha kengele yake ya shaba, akaanza kazi.

Kwanza alibeba watu wetu wenyewe. Bibi harusi wa kupelekwa kwa mume katika vichochoro ambavyo teksi haiingii, ni Omari. Wazee wa kupelekwa kwa daktari, ni Omari. Mamangu mwenyewe, aliyekuwa na maradhi ya magoti, kila Alhamisi Omari alimpeleka mtaa wa Mzizima kwa dadake, na jioni akamrudisha. Mimi mwanawe sikuwahi kumpeleka hata mara moja.

Kisha watalii wakamwona. Lo! Meli ikitia nanga Kilindini, asubuhi utawakuta wamekusanyika Ngomeni, penye ngome ya kale, kofia zao pana na kamera shingoni, wanamngoja Omari. Wawili wakipanda, ishirini wanafuata nyuma kwa miguu, msafara mzima ndani ya mtaa wetu. Na mimi nilikuwa na kasha. Kasha la miezi mitatu, mwanangu, nimelinakshi mpaka vidole vikaota sugu, nimeliweka hapo mlangoni. Wanalipita! Macho yote yako kwa Omari na gurudumu lake.

Lililoniudhi zaidi ni kengele. Kila akifika mlangoni pangu, Omari alipunguza mwendo, akaipiga kengele mara mbili, akanitazama na kucheka. Kila safari! Nikajisemea, huyu yuwanicheza shere. Nikawa nikisikia kengele naingia ndani na kujitia natafuta patasi. Hasidi hana sababu, walisema wahenga, lakini mimi nilijitafutia sababu, tena nzuri.

Nikaenda barazani nikahutubu. "Jamani, hii ni aibu! Tumepata uhuru, na Mwafrika yuwamvuta mzungu kama punda? Na riksho yenyewe ni uchafu wa zamani." Wengine waliitikia kwa vichwa. Maneno yale hayakuwa ya kipuuzi, na mpaka leo mtu ana haki ya kuyauliza. Ila mimi sikuyasema kwa ajili ya Mwafrika. Niliyasema kwa ajili ya kasha.

Omari alikuwapo. Akasema kwa upole, "Babu yangu alivuta kwa kuamrishwa. Mie navuta nikitaka, nisipotaka siivuti, na njia nachagua mwenyewe. Na Alhamisi hawanipati, siku hiyo ni ya mamako." Watu wakacheka, baraza ikavunjika. Nilirudi nyumbani nimevimba.

Haukupita mwezi, gurudumu likapasuka spoki moja, kijiti cha mbao cha kushikia duara. Omari akaniletea mimi riksho. Angeweza kwenda kwa fundi mwingine, na mafundi walikuwapo tele, lakini akasema, "Fundi wangu ni wewe." Fundi Shee alikuwa Lamu kwa nduguye mgonjwa, karakana iko mikononi mwangu. Nikainama, nikagonga mbao huku na huku, nikatega sikio. Kazi ile ilikuwa ya nusu siku. Spoki moja, basi.

Nikainuka nikasema, "Mchwa."

"Mchwa?"

"Wameila ndani yote. Nje waiona nzima, ndani ni unga. Siku moja itamwangusha mama wa watu. Ivunjwe tu, Omari."

Aliweka mkono juu ya kiti cha babu yake. Hakuniapisha. Laiti angeniapisha, huenda ningeogopa kumtaja Mola kwa uongo! Alisema tu, "Wewe ndiwe ujuaye mbao. Basi ivunje wewe, mie siwezi." Akaondoka bila kugeuka nyuma. Nami nikaivunja, mwanangu. Nilipiga nyundo kwa raha, nakiri, na mbao zililia kwa ugumu wake. Kengele nikaitupa ndani ya sanduku la misumari. Mbao zile safi nikaanza kuzichongea kasha jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Meli ikaja. Nikafagia mlango, nikavaa kanzu ya Ijumaa, nikakaa nikangoja. Wageni walifika Ngomeni, wakauliza riksho iko wapi, wengine kwa kuigiza kwa mikono namna ya kuvuta. Walipoambiwa haipo wakapanda teksi, wakaenda zao pwani ya kaskazini. Hakuingia mtu mtaani. Muuza kahawa alirudi na buli lililojaa, mshona kofia akafunga kabla ya adhuhuri. Mimi nilikaa na makasha yangu mawili mpaka laasiri, nikipigana na nzi. Kumbe ile riksho niliyoionea kijicho ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu mbele ya mlango wangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na Alhamisi ilipofika, mamangu alijifunga buibui, akakaa kizingitini anangoja. Nikamwambia Omari haji tena, yuko Shimanzi apakia magunia kwenye maghala. Akauliza, "Na kwa dadangu nitakwendaje?" Kisha akavua buibui lake.

Fundi Shee aliporudi kutoka Lamu aliliona kasha la pili. Akapitisha kidole gumba juu ya mbao, akanusa.

"Twaha, mbao hizi umezitoa wapi?"

"Riksho ya Omari, mwalimu. Iliingiwa na mchwa."

"Mti gani huu?"

"Msaji."

"Na mchwa yuwala msaji?"

Nikainamisha kichwa. Hilo ndilo somo la kwanza katika karakana yetu, mwanangu, hufundishwa kabla hujakabidhiwa msumeno: moyo wa msaji mchwa hauguzi. Omari hakulijua kwa kuwa si fundi. Mimi nililijua, na nilitumia ujuzi wangu kumwibia asiyejua.

Mzee hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Miaka saba nimekufundisha kuusoma mti. Nenda kamsomee mwenyewe mti wake. Usirudi hapa kabla."

Nilimkuta Omari Shimanzi, ameketi kivulini mwa ghala, vumbi la saruji limempaka mpaka kope. Nikamweleza yote: mchwa, kasha, wivu, nikamwambia hata ile kengele ilivyokuwa ikiniudhi. Nilitaka anipige. Alifuta jasho kwa shati.

"Nilikuwa nikipunguza mwendo walione kasha lako," akasema. "Nikipiga kengele ili utoke uwaonyeshe. Hukutoka hata siku moja."

Kisha akaitwa, akarudi kwenye magunia yake.

Nililivunja lile kasha. Mbao nyingine zilikwisha kukatwa fupi, hazikufaa tena, nikaongeza mpya, nikaunda riksho nyingine, kazi ya mwaka mzima. Nikampelekea. Aliishika mikono, akaiviringisha kidogo, akasema, "Kazi nzuri, Twaha. Lakini hii ni yako. Ya babu imekwisha." Alinisamehe, alikuja hata harusini kwangu, ila hakuvuta riksho tena. Nikaivuta mimi. Kila Alhamisi, na mamangu juu yake, mpaka alipofariki.

Basi sikiza, mwanangu. Waniuliza je, inafaa kuhifadhi vyombo vya kale ili kuwavuta watalii? Inafaa, nimeuona mtaa ukipoa siku moja kwa kukosa kigari kimoja. Lakini usikihifadhi kwa ajili ya mtalii peke yake, maana mtalii huja na meli na huondoka nayo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kitunze kimpeleke kwanza mama yako kwa dadake. Mgeni akikuta chombo kinapendwa na wenyewe, atasimama mwenyewe atazame, na akikosa kuja, wewe hujapungukiwa.

Na la pili, hili nakuomba ulishike zaidi. Kabla hujasimama barazani kusema kitu cha mwenzio ni aibu au kimeoza, jiulize kama una kasha mlangoni lisilotazamwa. Mimi mzee huyu, nikisikia miji mingine ina vyombo vyao vya kale na wageni wanamiminika, kijicho hunipanda mpaka leo, sikufichi. Siku hizi nikikisikia kikipanda hunyamaza, nikaenda kukitazama kile kitu kwa macho yangu mawili.

Kengele ya babu yake Omari ndiyo hii, niliitoa katika sanduku la misumari, haijapigwa tangu siku ile. Ichukue. Mpelekee yule kijana wa mtaa wa pili aifunge kwenye kigari chake, umwambie umempa wewe. Mola akukunjulie moyo, akupe riziki isiyokufanya uhesabu ya jirani. Na siku utakapoisikia ikilia mlangoni pako, mwanangu, toka nje.