Uzi Mweupe kwenye Buleti za Mama

Harufu ya vitunguu vikiiva kwenye mafuta ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi pale Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikaanga buleti, vitonge vya nyama ya kuku ya kusaga, akavipanga mezani mbele ya nyumba, na wachimbaji waliokwenda mgodi wa Mashamba wakasimama kununua wakisubiri gari. Nyama ilitoka dukani mjini ikiwa imeshasagwa kwa mashine na kuganda kama tofali. Mama aliiponda, akaichanganya na mkate mkavu na pilipili. Mtaa mzima ulimwita Mama Buleti, naye aliitika kwa maringo kidogo. Sisi asili yetu ni mkoa wa Kasai, babu aliletwa huku kufanya kazi mgodini, na wapo waliotuita wageni mpaka wakati huo. Nyuma ya meza yake, Mama hakuwa mgeni wa mtu.

Mimi nilikuwa mjuaji. Wiki moja mwalimu alikuwa ametufundisha habari za minyoo ya tumboni, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Asubuhi moja nikamwona Tata Kabwe, mteja wetu wa kila siku, akitoa kinywani uzi mweupe, mgumu, wenye kuteleza. Sikusubiri kuulizwa. Niliuchukua mkononi mwake, nikaunyanyua watu wote wauone, nikatangaza: "Ni minyoo! Tuliisoma ku masomo!" Tata Kabwe akatema. Mama Ngoyi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akapaza sauti: "Mi nilisema! Bantu ya Kasai banatulisha bitu bya kuoza!" Muda si muda tukabaki wawili mezani. Mama hakunipiga, heri angenipiga, alifunika sufuria tu na kuingia ndani.

Kesho yake aliwaita majirani, akachinja jogoo wetu wa pekee mbele yao. Akakata mguu, akachana ngozi, akashika kamba nyeupe ya ndani na kuivuta, vidole vikajikunja. Uso ukaniwaka. Mchezo huo niliucheza kila Noeli kwa miguu ya kuku tuliyoachiwa sisi watoto, nikiwafukuza wadogo zangu, na bado sikuitambua kano ilipotoka kwenye mashine ya kusagia. Mama akaichemsha, akaiweka kwenye sahani kando ya uzi wa jana, aliokuwa ameuhifadhi. "Angalieni, bamama. Ni kano tu. Mashine inashindwa kuisaga." Mama Ngoyi akaigusa, akaivuta. "Ni kweli, ni kano," akasema. "Lakini mi siwezi kula tena. Roho inakataa." Wakaondoka wote. Jogoo tulimla wenyewe.

Mama alivumilia wiki tatu, kisha meza ikaingizwa ndani. Kufikia hapo walikuwa wakimwita Mama Minyoo, kwanza kwa kunong'ona, baadaye hata katika salamu. Leo nyama ile ile inauzwa Kolwezi kwenye vifurushi vya kupendeza. Watu wakikuta kano wanaitoa kwa ncha ya uma na kuendelea kula. Nawaangalia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo najielekezea mimi mwenyewe. Mwaka jana tulimzika Mama. Kijana wa parokia, aliyezaliwa baada ya mambo haya yote, alisimama kwa heshima kando ya jeneza, akafungua karatasi, akasoma: "Tumwombee mama yetu, Mama Minyoo." Watu wote wakaitika amina. Nami niliitika.