Sanda ya Bibi Kutoka Makka

Bibi mzaa mama alipoletwa kwangu Kilole, hapa Korogwe, alikuja na mfuko mmoja wa nguo na ufunguo mmoja. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo, na hata tulipomwogesha hakukubali kuuachia. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani kwa yale maneno ya upole ambayo kila mtu mzima anayaelewa. Mpeni anachokipenda, walituambia. Alichokipenda bibi kilikuwa kimoja tu, na hakikuwa chakula.

"Sanduku langu mmelileta?"

Asubuhi hilo, mchana hilo. Namnywesha uji, anafunga mdomo: sanduku. Namgeuza ubavu asipate vidonda, ananong'ona: sanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa Kwaluguru, uvunguni mwa kitanda chake, na ndani yake mlikuwa na sanda yake. Babu aliileta kutoka Makka zamani, mama yangu akiwa bado binti, alipokwenda kuhiji kwa meli pamoja na kaka yake. Walikaa sana huko mpaka watu wakaanza kuwasomea dua za marehemu. Aliporudi alikuwa na sanda mbili, yake na ya mkewe, zote kazifua kwa maji ya Zamzam na kuzianika kwa jua la huko huko. Yake alizikwa nayo. Ya bibi ilikuwa inamngoja.

Zamani bibi alikuwa akituambia, huku anacheka, "Atakayenizika kwa nguo nyingine nitamtokea usiku." Sasa hakuwa anacheka. Alikuwa ananishika mkono kwa vidole vyake vyembamba, macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, na ananiuliza kama nina hakika nitawahi.

Sikuwa na hakika. Mimi ni mtu wa wasiwasi, naomba lijulikane mapema. Simu ikilia alfajiri, mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Nashona nguo kwenye baraza ya nyumba yangu, na hata nguo ya harusi nikimaliza naiota imepasuka. Basi kazi ya kuleta sanda ya mtu ambaye bado anapumua ikaniangukia mimi, kati ya wajukuu wote.

"Nenda mwenyewe," bibi alisema siku aliponifungulia lile fundo. "Fungua huko huko. Uangalie vizuri, ndipo ulete."

Niangalie nini? Sikumuuliza. Nikajua ni maneno ya mgonjwa.

Nilimwacha na binti wa jirani, nikapanda gari la Handeni, na njia nzima nilikuwa natazama simu. Mtandao ukikatika nasema tayari. Ukirudi bila ujumbe nasema hawajapata namna ya kuniambia. Handeni mjini nikachukua bodaboda, na tulipoingia Kwaluguru nikamwomba dereva asipite upande wa makaburi, azunguke na shamba la mahindi. Aliniangalia, akazunguka bila kuuliza.

Kwenye makaburi yale yupo mwanangu wa kwanza. Alizaliwa hospitali ya Handeni, hakumaliza siku. Mimi nilikuwa nimepasuliwa, sijitambui, mama mdogo akikaa kitandani kwangu, na bibi ndiye aliyembeba yule mtoto kumrudisha Kwaluguru akazikwe. Nilipopata nguvu za kuuliza, nilimuuliza bibi swali moja tu: alivikwa nini? Maana nilikuwa sijanunua hata kitambaa, kwetu hatununui vitu vya mtoto kabla hajafika. Bibi akasema, "Alisitiriwa vizuri." Sikuuliza tena. Lakini nimeshona nguo za watoto wa watu miaka yote hii, na kila nikishika kitambaa cheupe swali lile linanirudia. Nilikuwa namwona amezungushiwa shuka la hospitali, au kanga kuukuu ya mtu.

Mama mdogo, ambaye ndiye anaishi kwenye nyumba ile ya bibi, alinipokea kwa chai na mihogo. Sikula. Tukalivuta sanduku, la bati, limepakwa rangi ya kijani iliyobanduka. Kufuli likagoma. Nikatia mafuta ya kupikia, nikazungusha, nikazungusha, utadhani naiba.

Lilipofunguka, ile harufu ikatoka, karafuu maiti na udi, na mimi nikawa mtoto tena. Siku za Idi babu alikuwa akilifungua mbele yetu, tunakaa chini tumekunja miguu, haruhusiwi mtu kugusa. Vitu vyote vilikuwepo. Tasbihi ya kokwa, mbili zimepotea. Kopo la maji ya Zamzam, limekauka, ndani pamebaki alama ya chumvi. Chupa ya wanja. Na ile kamera ya plastiki ya kuchungulia, unaweka jicho, unabonyeza, unaona Al-Kaaba, unabonyeza tena unaona mahema ya Mina. Tuligombania kamera ile mpaka tukapigwa. Nikaiweka jichoni, nikabonyeza. Picha zilikuwa zimefifia lakini zipo. Mama mdogo naye akachungulia, akasema, "Mh, kumbe watu walikuwa wengi hivi," kama aliyekuwa hajawahi kuziona, na tukacheka wote wawili.

Tulicheka mara ya mwisho kwa siku ile. Chini kabisa palikuwa na kanga iliyofungwa, na ndani ya kanga ndimo sanda ilimokuwa. Ya mwanamke ni nguo tano, bafta nyeupe nyingi, mzigo wa kujaza mikono miwili. Mimi nikainua kanga na nikaona wepesi wake kabla sijaifungua.

Kilichokuwemo hakikuzidi kitambaa cha kujifunga kichwani.

"Nyingine iko wapi?" nikauliza.

"Nyingine gani?"

"Mama, hii sanda imeliwa! Angalia!"

Haikuwa imeliwa na panya wala mchwa. Ukingo ulikuwa umechanwa kwa mkono, umenyooka kufuata uzi. Kwetu sanda haitiwi mkasi, huchanwa. Mimi fundi cherehani, kazi yangu ni kujua kitambaa kimetoka vipi kwa mwenzake, nilipaswa kuketi chini nikajiuliza ni mtu gani anayechana bafta namna ile na kwa kazi gani. Sikujiuliza. Kichwa kilikuwa kimeshajaa. Nikakumbuka mapazia meupe ya sebuleni. Nikakumbuka wanawe mama mdogo walivyovaa kanzu mpya maulidi ya mwaka fulani.

Sijui nilimwangalia vipi, maana aliinuka.

"Sema," akaniambia. "Kama unaniona mwizi wa sanda ya mama yangu mzazi, sema kwa mdomo wako."

"Sijasema."

"Umeshasema. Ufunguo anao mwenyewe tangu baba alipokufa. Mimi hilo sanduku nalipangusa vumbi tu."

Akatoka nje. Nikabaki na lile sanduku, nalia kwa hasira na kwa woga, woga ukiwa mkubwa zaidi. Kwa sababu aliyechukua alikuwa ameshachukua, lakini mimi ndiye niliyekuwa narudi Korogwe kukaa mbele ya yule mzee. Nitamwambiaje? Mwanamke anasubiri nguo moja tu duniani, na nguo yenyewe haipo. Niliona wazi kabisa anavyokata roho kwa uchungu mbele yangu, na mimi ndiye niliyemletea habari.

Sanduku likafungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira. Njiani watu wananitania, "Mama, umehama au umefukuzwa?" Nikajibu nimefukuzwa, na kwa kweli ndivyo nilivyojiona, mama mdogo hata hakutoka kuniaga.

Nilipofika Korogwe sikwenda nyumbani moja kwa moja. Niliingia duka la vitambaa la yule mama wa Kihindi ninayenunua nyuzi kwake siku zote, nikaomba bafta ya sanda, ya mwanamke. Akaweka mkono kifuani.

"Pole jamani! Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Bado."

Alinitazama, akapima, akaikunja ndani ya gazeti. "Nakufungia vizuri," akasema, "usije ukawashtua watu njiani." Nilitamani kumkumbatia.

Mpango wangu ulikuwa huu, na niliuona mzuri. Bibi haoni. Nitaifua bafta mpya itoke wanga, nitaisugua ilegee, nitaitia karafuu maiti, nitaiweka ndani ya kanga ile ile. Ataigusa, atatulia, atakufa na raha zake. Mungu anajua nia yangu. Bafta nikaianika chumbani kwangu, kwa sababu ukianika sanda uani Kilole, jioni majirani wanakuja na mikeka na sufuria. Ikakaa siku ile na usiku wake inachuruzika kwenye beseni, na mimi kila nikisikia bibi anakohoa upande wa pili naomba, Yarabi, asiende sasa, nguo bado mbichi.

Kesho yake nikaingia kwake na kanga. Kile kipande cha kale nilikificha kifuani, ndani ya blauzi, sikuweza kukiacha sandukuni peke yake wala sikuthubutu kukionyesha.

"Sanduku hili hapa, bibi. Sanda yako hii."

Akanyoosha mikono. Akaifungua kanga taratibu, akaishika bafta, akaipitisha katikati ya vidole. Akainusa. Akaipitisha tena. Mimi nimesimama, najipangia la kusema.

"Hii ni ya dukani," akasema. "Hapo mjini."

"Bibi, hiyo ni..."

"Usinidanganye, mimi nakwenda kwa Mungu. Ile imebaki kiasi gani?"

Sikumwelewa. Akarudia kama anayemuuliza mtoto aliyetumwa dukani. "Nilikutuma uangalie. Imebaki kiasi gani? Mimi sioni, na nimesahau nimechana mara ngapi."

Nilikaa kwenye kitanda chake bila kutaka. "Umechana wewe?"

"Sasa achane nani, na ufunguo ninao?"

Akanieleza bila haraka, anapumzika katikati. Kijijini mtoto mchanga akifariki, mara nyingi hakuna kitu cheupe ndani. Duka liko mbali, mvua imekata njia, na maiti ya mtoto haikai. Wanawake walikuwa wanamjia. Mara ya kwanza alikuwa wa jirani. Alifungua sanduku, akachana kipande, babu akiwa hai, na babu hakumkataza. Baada ya hapo ikawa ndiyo kawaida, na alikuwa anachana mlango umefungwa, hamwambii mtu.

"Lakini ilikuwa yako, bibi. Babu aliibeba toka Makka. Umeingoja maisha yako yote."

"Mimi nimekaa duniani nikachoka. Nimefika Tanga, nimefika Hale nikaona umeme unavyotengenezwa. Wale hawakufika hata Handeni mjini. Nikasema basi angalau waende na kitu kilichotoka Makka."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Mngenizuia. Hasa wewe, na huo wasiwasi wako." Akanyoosha kiganja. "Kilichobaki kilete."

Nikakitoa kifuani, kina joto langu. Hakukinusa hiki. Alikitambua mara kilipogusa kidole. Akalala chali na akajifunika nacho uso, akakivuta mpaka kidevuni, akipima. Nikaona bafta inapanda na kushuka juu ya mdomo wake, inapanda, inashuka, halafu ikawa kama imetulia.

"Bibi! Toa!"

Akacheka mle ndani. "Sijaenda bado," akasema. "Uso kinatosha. Huku kwingine nivike hiyo yako ya dukani. Umeifua vizuri, nimeona."

Nikamtoa kitambaa usoni, nikakikunja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Nilijua tayari nataka kuuliza nini na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa njia nzima ya Handeni. Mama mdogo nitampigia simu baadaye, nilijiambia, nitamwomba radhi, ana haki ya kunitukana. Hilo lilikuwa jepesi. Hili lingine nimelibeba tangu nikiwa msichana.

"Wangu," nikasema. "Naye ulimchania?"

Bibi aliutafuta mkono wangu kwenye shuka mpaka akaupata.

"Wako ndiye wa mwisho. Kilikuwa kipande kikubwa, nikasita, nikasema kitamzidi. Halafu nikakichana hivyo hivyo."

"Kilimfunika?"

"Kilimfunika mpaka miguu, na kikabaki cha kumkunjia mara ya pili," akasema. "Alikuwa mdogo sana."