Bwawa la juu ya Mahoko lilifunika kaburi la mama yangu

Wakuu, habari zenu. Mi ni mama muzee wa Nengo, karibu na Gisenyi, mujukuu ndiye ananiandikia. Hii mambo niliiona na macho yangu, siongezi kitu.

Miaka ya hamsini tulikaa bondeni kando ya mto, juu ya Mahoko. Mama alikufa akizaa, tukamuzika mwisho wa shamba letu la maharagi.

Mwaka haujaisha, wazungu wakaja kufunga mto, wapate umeme wa mjini. Bwawa hilo tuliita barrage.

Baba alienda kwa kapita, musimamizi wa kazi. "Nipe siku mbili nihamishe muke wangu."

"Bon, ngoja," kapita akasema. "Nitakuambia siku maji inaingia."

Tukangoja. Asubuhi moja tunaamuka, maji iko mulangoni kwa jirani.

Baba alikimbia kaburini na jembe. Nilimuona maji imefika kiuno, anachimba tu. Wanaume wane walimutoa kwa nguvu.

Shamba likaisha. Donc baba akaomba kazi pale pale, maana wazungu walileta mitumbwi midogo ya rangi. Kila dimanche, siku ya Jumapili, wanatoka Gisenyi na familia, wanaogelea, wanavua, wanakula wamekaa kwenye majani.

Palikuwa pazuri, siwezi kudanganya.

Baba akawa mupiga kasia wao. Mi nilikuwa na miaka kumi na sita, nilibeba vikapu vya chakula.

Siku moja tuko mutumbwi mumoja. Madame fulani, hakuwa mutu mubaya, akauliza: "Muzee, hapa chini iko mbali?"

Baba akaacha kasia.

"Sijui, madame. Muulize muke wangu. Yeye iko huko chini."

Madame akacheka, alifikiri ni muchezo.

Na mi nikacheka, wakuu. Niliogopa baba atafukuzwa.

Baba aliniangalia, akashika kasia, akaendelea.

Tangu siku ile hakutaja tena jina la mama mbele yangu, mpaka akafa. Sikumuomba musamaha. Kila mwaka nilisema nitaomba, na kila mwaka niliona haya.

Nilichojifunza: musimamizi wa kazi akikuambia ngoja, usingoje, hamisha mutu wako leo. Na muzazi wako akisema uchungu wake mbele ya watu, usicheke, hata kama chakula yenu iko mikononi mwao.

Mwenye watu wake walifunikwa na maji aandike hapa chini. Wewe unapeleka maua wapi? Mi mupaka leo sijui.