Kifaru Nilichokipaka Mafuta ya Korosho

Jamani, mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, maana nikifika mbele mtaniudhi, na aibu yenyewe bado naisikia mashavuni ingawa miaka imepita.

Vitani Burma nilikwenda kweli, hilo halina ubishi, ila nilikwenda kama mpishi. Niliporudi Mtwara nikaanza kusema niliendesha kifaru (nani angeniuliza leseni?), na nilipotaka kumposa Somoe nikamwambia hivyo hivyo baba yake, Mzee Chande wa Mtawanya. Mzee akafurahi mno. "Siku ya posa uje mwenyewe pamoja na wazee wako," akasema, "unieleze hicho kifaru kikoje."

Ningeeleza kwa mdomo yangeisha. Lakini mzungu mmoja wa mradi wa karanga niliyekuwa nampikia, alipofunga virago, aliniachia boksi la vipande vya mbao, ukiviunganisha unapata kifaru kidogo cha kukaa kiganjani, basi nikaona mambo si ndiyo haya! Nikabandika magurudumu, mzinga, minyororo, kikanoga, ila kikopo cha rangi kilikuwa kimekauka kama jiwe. Nikachoma korosho, nikakinga mafuta ya maganda, nikayachanganya na masizi ya taa, nikapaka kwa unyoya wa kuku, mikono nimeipaka mafuta ya nazi kama tunavyofanya tukibangua, kwa hiyo mimi sikusikia kitu.

Dada yangu Zuhura akakunja uso. "Kaka, mafuta hayo yanababua. Umekulia kwenye mikorosho, leo hujui?"

"Yakikauka hayana neno. Jeshini tulifundishwa." (Jeshini nilifundishwa kumenya viazi.)

Nikakianika siku tatu, masika yenyewe yale, nikakigusa kwa ukucha, nikajiambia kimekauka.

Ijumaa baada ya sala tukafika ukweni, nikakifungua kwenye kitambaa, na baraza zima likasema "Aaah!" Kikapita mkono kwa mkono, kila mzee anakigeuza, anakipapasa, anafuta jasho usoni, na joto la viganja likaanza kuilainisha ile rangi. Mzee Chande ndiye aliyenimaliza, alikiweka pajani akakiendesha huku ananguruma "ngrrrr!", kikapanda tumboni mpaka kifuani, na nyuma yake kikaacha njia mbili nyeusi kwenye kanzu ya Ijumaa.

Kabla chai haijamiminwa mmoja akaanza kujikuna, kisha wawili, kisha wote, pamoja na mjomba wangu aliyekuja kuniombea mke. Pua zikavimba. Mzee Chande, shavu limeiva, akanigeukia kwa matumaini, "Mwanangu, ninyi wa vifaru mkiungua mlikuwa mkipaka nini?"

Na mimi kwa kiwewe nikajibu, "Jikoni kwetu tulikuwa tunapaka samli, baba."

"Jikoni?"

Nyuma ya pazia nikamsikia Somoe akicheka, na kicheko chake ndicho kilichonichoma kuliko vyote. Nikasema ukweli wote, mpaka masufuria nikayataja.

Mzee akanitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka. "Mpishi ningempa mke bila maswali. Sasa tumebabuka baraza zima kwa uongo ambao hakuna aliyekuomba. Nendeni. Jibu la posa mtalipata ngozi ikirudi."

Wiki tano nilingoja, nimekonda, kila anayetoka Mtawanya namuuliza ngozi za watu zinaendeleaje. Nikaapa sitapaka rangi hata mlango, na mtu akiniuliza vita nasema, nilipika maharage, basi.

Jibu likaja, wamekubali. Siku ya ndoa msikiti umejaa, sheikh akamwambia Mzee Chande anipe mkono ili aniozeshe. Mzee akautazama mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akaunusa. Halafu akatoa leso mfukoni, akaufunga mkono wake vizuri mpaka kwenye kifundo, ndipo akanipa.