Nilivyoigeuza Kwaya Kuwa Panki

Nianze na ujinga wenyewe, maana hata nikiuzunguka utaujua tu. Nikiwa na miaka kumi na mmoja niliitoa kanda ya kwaya ya kanisa letu la Nairobi kwenye kasha lake, nikatia kanda ya kelele, nikalirudisha kasha mezani kwa mama. Nilitaka ashtuke. Basi.

Nimekumbuka juzi nikitoka shule, nilipopita soko la Zhanxi, huku Guangzhou, China, tunakoishi mimi na mama, nikakuta pale alipokuwa muuza kanda sasa wanauza kava za simu. Rafiki yangu, wewe hukuiona meza ile. Kanda zilizotupwa ng'ambo zililetwa Guangzhou kama takataka za plastiki, zimekatwa pembeni kwa msumeno ili zisiuzwe tena, na bado zikauzwa. Laobani, ndivyo tulivyomwita kila mwenye duka, alikuwa kijana wa nywele ndefu aliyeunga utepe uliokatika kwa selotepu, ulimi nje kama fundi saa. Aliniuzia moja yenye jalada jeusi. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akaniambia hawa ni mababu wa panki, ule muziki wa kelele na uasi, na hizi ni rekodi zao za mwanzo kabisa, kabla mtu yeyote hajawajua.

Niliicheza nyumbani, mtaani Sanyuanli. Fidla ililia kama mlango wa kontena. Ngoma iligongwa kama mwenye nyumba amekuja na hasira zake, na juu yake mtu akaimba kama anayesoma notisi ya kukatiwa maji. Nilizima baada ya dakika mbili. Jirani yetu Mkongo akaja kuuliza kama friji yetu imekufa. Hapo nikajua nimepata silaha.

Miaka ile mama alikuwa anatumwa kununua bidhaa na nusu ya Nairobi, na sifa yake ilikuwa moja: mzigo wake haukaguliwi ukifika, kwa sababu ameshaukagua yeye. Jumamosi tulikaa sakafuni, nyumba ikinuka gundi ya viatu, korido nzima ikilia zzzaa, zzzaa ya selotepu za wafunga mizigo, na kazi yangu ilikuwa kuvuta kila zipu ya kila mkoba mara kumi. Mama alizoea kusema kwamba mara ya kwanza zipu humtaja fundi, mara ya kumi humtaja aliyeileta.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya alipomtumia kanda ili atoe nakala mia tano huku, sikuwa na shaka ataisikiliza kwanza. Nikanakili kelele zangu kwenye kanda nyeupe kama yao, ya kwao nikaificha chini ya godoro, nikakaa na uji wangu kungoja kioja.

Hakuisikiliza. Mama aliyekagua hadi kamba za viatu aliona haya kuzikagua nyimbo za Mungu. Niliporudi kutoka shule jioni, kasha lilikuwa limeshaenda kiwandani.

Ningesema siku ile. Ningesema hata nakala zilipofika, jalada linang'aa, kwaya nzima imetabasamu. Nilizipanga kwenye katoni kwa mikono yangu mwenyewe. Kila siku niliahidi kusema kesho, mpaka kesho yenyewe ikapanda meli.

Simu ilikuja Jumapili, tunakula ugali kwa mboga za Kichina. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Mama alianza kwa kicheko, kisha tonge likabaki mkononi. Kanisa lilikuwa limejaa, waimbaji wamesimama na majoho mapya, kanda ikawekwa kwenye spika kubwa. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kukemea pepo. Watoto wakacheza. Mwalimu hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana sauti yake ndogo niliisikia mpaka nilipokaa.

"Mama, sasa na wewe tuwe tunakufungulia mzigo?" aliuliza mwalimu.

Nikaenda chini ya godoro, nikaleta kanda ya kwaya, nikaiweka kando ya sahani yake. Nilingoja kofi. Halikuja. Aliniuliza tu ile nyingine iko wapi, akanawa mikono, akaiweka redioni, akakaa kama anavyokaa akikagua viatu. Alisikiliza upande wa kwanza wote. Akageuza.

Nami ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita dakika mbili. Kumbe wimbo ulikuwa mmoja. Walianza, wakapotea, mtu akakohoa, mwingine akacheka, wakaanza upya. Wakapotea tena. Mara ya tano fidla ikapata mahali pake, na vinyweleo vikanisimama.

Siku hizi kanda hazipo, na laobani wa nywele sijui alihamia wapi. Watu wa Nairobi sasa hufungua mizigo ya mama na kuhesabu kabla ya kusema asante, naye husema ni sawa, biashara ndivyo ilivyo. Nimejaribu kulifanyia hilo mzaha. Limekataa.

Siku ile kanda ilipoisha, kitufe kiliruka chenyewe. Mama akanisukumia simu.

"Hawa wakikosea wanarudia, na mtu anawasikia," alisema. "Wewe ulikosea ukanyamaza. Haya, baba, mpigie mwalimu."